Niliwanyima Siku Mbili za Msiba

Shangazi Gobnait mpendwa,

Naomba unisaidie, maana mke wangu amechoka kunisikia nikiguna juu ya kikombe cha chai, na ni yeye aliyenisukuma niandike. Majina yote nimeyabadilisha, na langu nakuomba ulifiche.

Mimi ni katibu wa ratiba wa ubingwa wa hurling, mchezo wetu wa magongo, katika kanda yetu, kazi ninayoifanya mwaka wa kumi na tisa sasa, na kwa wasomaji wako wanaodhani magongo ni kukimbia na kupiga kijipira tu, niseme kwamba lazima awepo mtu wa kupanga nani acheze na nani, kwenye uwanja wa nani, na mwamuzi yupi asiye na shemeji katika timu yoyote kati ya hizo mbili, na mtu huyo ni mimi, na kitabu cha kanuni kinakaa kwangu, kwenye droo ya jikoni pamoja na betri na nyuzi. Raundi ya mwisho ya makundi mechi zote huanza wakati mmoja, ili timu isicheze ikijua wenzake wamepata nini. Kundi lenyewe lilikuwa na timu nne, na ya mwisho hushuka daraja. Mkiani tulikuwa wawili: Kilnabracka, parokia ndogo yenye wachezaji kumi na saba ukiwahesabu na wenye magoti mabovu, na Carrigmoyle, ambayo ni timu yangu, niliyoichezea ujanani na ambayo Lorcan, mtoto wa dada yangu, ndiye nahodha wake. Tulikuwa na pointi moja moja, tuliyoipata kwa kutoka sare sisi kwa sisi, ila kwa tofauti ya mabao tuliwazidi. Sisi tulibakiza vinara wa kundi, ambao wangetupiga hata wakiwa wamefumba macho, na Kilnabracka walibakiza Ballyrushen, ambao walikuwa wameshafuzu na wakaamua kupumzisha watu wao wazuri. Kila mtu aliona kwamba Kilnabracka wangeshinda na sisi tungeshuka.

Ijumaa kabla ya raundi hiyo akafariki Bi Dymphna wa Kilnabracka, mama aliyefua jezi za timu miaka arobaini, na wanawe wawili na wajukuu wanne wako kwenye kikosi. Mwili wake ulipangiwa kulazwa nyumbani kwake Jumapili kuanzia saa nane mchana, watu wapite kushikana mikono na wafiwa, azikwe Jumatatu. Mechi ilikuwa Jumapili hiyo hiyo, saa nane na nusu. Mwenyekiti wao, Donncha, ambaye tulikaa dawati moja shuleni, akanipigia simu.

"Tusogezee hadi Jumanne jioni tu. Ballyrushen wamekubali, nimeongea nao."

"Pole sana kwa msiba, Donncha, lakini raundi ya mwisho huchezwa pamoja, unajua."

"Basi sogeza zote. Nani atakataa? Ni Dymphna, bwana! Alikushonea kaptula ilipochanika mbele ya parokia nzima."

Nikamwambia nitauliza kamati. Nikampigia mwenyekiti wa kanda, naye akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye kitabu. Kinasemaje?" Na hapa, Shangazi, ndipo ninapoona aibu hata ya kuandika, maana kitabu kilikuwa wazi mbele yangu mezani, na kifungu nilikuwa nakisoma, kinachosema kwamba klabu ikifiwa, raundi nzima inaweza kusogezwa kwa siku zisizozidi tatu ikiwa katibu ataomba, na nikamfikiria Lorcan, nikafikiria timu yangu ikishuka, nikasema, "Kinasema hapana."

Jumapili Kilnabracka walifika uwanjani kumi na mmoja. Ili mechi ianze wanatakiwa wasipungue kumi na watatu. Waliobaki walikuwa wamesimama kando ya jeneza. Mwamuzi alisubiri robo saa, akawaangalia, wakamwangalia, akapuliza filimbi na kuandika kwamba Ballyrushen wameshinda bila kucheza. Sisi tulifungwa siku hiyo, lakini ile tofauti ya mabao haikuisha, tukabaki, na vijana wetu wakabebana mabegani.

Jioni nilienda msibani, maana kutokwenda kungeonekana. Nikapanga foleni. Bi Dymphna alikuwa amewekewa jezi miguuni, imekunjwa vizuri. Mwanawe mkubwa akanishika mkono akasema, "Asante kwa kuja, najua una shughuli nyingi." Binti yake akanipa chai na mkate wenye nyama, nami nikala.

Sasa Donncha anasema wakishushwa vijana wake watahamia parokia za jirani na klabu itafungwa. Kikao cha kuthibitisha matokeo ni Alhamisi ijayo, na kikishathibitisha hakuna pa kukata rufaa. Shemeji yangu, baba yake Lorcan, nimemweleza, naye akanijibu, "Ukifungua mdomo, Krismasi ule kwako." Donncha hajui. Ananipa pole mimi, anasema kanuni ni kanuni na mimi sina kosa. Nifanye nini, Shangazi? Ninajuta.

Katibu Mwenye Majuto

JIBU LA SHANGAZI GOBNAIT

Mwanangu, pole. Pole ni hiyo moja, usitafute nyingine humu ndani.

Umebadilisha majina yote ukasahau kubadilisha mechi. Kanda hii ina makatibu wa ratiba wangapi? Nimelificha jina lako kama ulivyoomba, lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye nyasi zetu akila chipsi za siki atakutambua kabla hajafika mstari wa kumi.

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nimelia, kwa sababu na mimi nilimfahamu mama huyo. Hukumkosea kwa kuipenda timu yako. Sote tunapenda za kwetu, na mimi mwenyewe nimewahi kumtukana mwamuzi ambaye ni padri wangu. Ulikosea ulipoulizwa swali la kweli ukiwa na jibu chini ya kidole chako. Halafu ukaenda ukala mkate wa watu! Tumbo lako lina ujasiri kuliko wewe.

Usiniambie habari ya Krismasi. Kula kwako mwaka mmoja, viazi vinaiva hata kwako. Na Lorcan mwache akacheze mechi yake kama mwanaume. Sidhani kijana huyo anataka kubaki juu kwa sababu mama wa watu alikufa Ijumaa, na kama anataka, basi kushuka kutamfaa.

Alhamisi nenda kikaoni na kitabu. Usitume barua wala usiombe mtu akusemee. Simama, soma kifungu kwa sauti, useme nani aliuliza na wewe ulijibu nini. Kisha uombe raundi ile irudiwe yote, mechi zote mbili, wakati mmoja kama mnavyopenda. Kamati ikikataa, hilo litakuwa lao. Ukimaliza kusema, acha kitabu mezani na urudi nyumbani bila hicho. Miaka kumi na tisa inatosha, na droo yako ibaki na betri.

Lakini kuna la kwanza kabla ya hilo. Barua yako ilinifikia Ijumaa, nami ningeweza kuiweka kwenye gazeti la wiki ijayo, mambo yakiwa yamekwisha. Nimekataa. Nimeiweka kwenye hili la leo Jumatano. Duka hufunguliwa saa moja asubuhi, na najua wewe ni wa kwanza mlangoni kutafuta matokeo. Huyo unayemwita Donncha hawezi kuja kununua lake kabla ya saa tatu, kwa sababu ana ng'ombe sitini wa kukamua.

Una saa mbili. Kunja gazeti, uende bandani kwake, umwambie wewe mwenyewe.