Kisanduku cha Wajukuu wa Wapigania Uhuru

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Maswali hamsini kabla ya chai. Babu anasoma, mimi najibu. Leo nimepata thelathini na nane. Azimio la Agosti 1942, la kuwataka Waingereza watoke India, lilipitishwa mji gani? Nikasema Wardha.

"Bombay, bibie! Wardha ilikuwa Julai. Ukikosa tena nakuoza kwa yule muuza matofali!"

Mwaka huu ndio mwisho wangu kufanya mtihani wa kazi ya serikali, umri hauruhusu tena. Mwaka jana niliikosa kwa alama mbili. Mbili!

Ijumaa, 9 Agosti
Fomu ya mtihani imefika. Kuna kisanduku: mjukuu wa mpigania uhuru — ndiyo au hapana. Hao wametengewa nafasi zao za kazi. Mama, bamia mkononi, anauliza mbona Babu, aliyefungwa na Waingereza, hajawahi kuomba cheti cha mpigania uhuru. Nimemuuliza mwenyewe. Akafunga kitabu, eti kichwa kinamuuma. Babu na kichwa!

Jumanne, 13 Agosti
Mzee Shivpujan, aliyefungwa seli moja na Babu, ameandika ushahidi na kutia sahihi. Cheti kitatoka kwa ushahidi huo. Akamtania Babu: unyenyekevu wako, bwana we, utamzeesha binti nyumbani. Babu hakucheka.

Jumatano, 14 Agosti
Babu ameniambia. Siku ya kumi na tisa jela aliandika barua. Akaomba radhi kwa serikali ya Mwingereza, akaahidi hatarudia. Wakamfungulia. Shivpujan alikaa miezi kumi na minne. Aliambiwa tu mwenzake kahamishwa.

Nikauliza kwa nini. Aliletewa habari mama yake yu mahututi.

"Ulimkuta hai?"

"Nilimkuta anapepeta mchele. Aliishi miaka kumi na moja zaidi."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimmiminia chai.

Alhamisi, 15 Agosti
Sikukuu ya Uhuru. Watoto wamepita na bendera zao za karatasi. Fomu mwisho kesho. Ushahidi wa Mzee Shivpujan uko mezani, nimeukandamiza kwa kikombe. Mama hajui kitu, anaimba jikoni.

Asubuhi nimepata arobaini na saba! Nikadhani tumemaliza. Babu akageuza ukurasa, wala hakutazama kitabu.

"La hamsini na moja. Aliyeomba radhi akaachiliwa, ni mpigania uhuru? (a) Ndiyo. (b) Hapana."

Nikamwambia hilo halimo kwenye mtihani.

"Jibu, bibie."

Nampenda mzee huyu, na kazi naitaka. Nimesingizia kufuata kalamu, ndiyo naandika haya. Yuko barazani, namsikia anakohoa. Hajafunga kitabu.