Sihamii Mawe Tatu

Baba Shiko,

Sikuulizi umelalaje. Umelala vizuri, najua, kwa sababu ulipata mahali ulipotaka. Sisi tuliobaki huku juu ndio tunahangaika.

Pasta aliniambia nikuandikie barua ya kukusamehe, niisome kwa sauti, halafu niichome, moyo utulie. Nimeshika kalamu, nikajikuta nakugombeza. Basi iwe hivyo. Tuligombana tangu tuoane, na sioni kwa nini kufa kukufanye ushinde.

Habari ya kwanza ni hii: mwenye ploti ametutoa. Si mimi tu, ni ploti nzima, kuanzia Mama Otis wa chapati pale getini mpaka kinyozi wa upande wa barabara. Anabomoa hizi nyumba za mabati ajenge gorofa. Alikuja amekuwa mpole, kofia mkononi, kama mtu aliyeleta rambirambi, akasema shule zikifunguliwa atukute tumeshatoka. Nikasimama pale barazani kati ya cherehani zangu mbili, nikauangalia mtaa wetu wa Rhonda, ile kelele, ule mtaro mchafu uliouruka kila asubuhi ukienda kazini, na nikashangaa machozi yananitoka. Ati mimi, nalilia mtaro.

Siku hizo kila mtu alimwuliza mwenzake, wewe unahamia wapi? Huyu Kaptembwo, yule Barut, mwingine anarudi kwao kabisa. Walipofika kwangu hawakuuliza. Walinijibia. "Wewe hauna shida, Mama Shiko. Si una kwenu Mawe Tatu?"

Kwenu! Kwetu ni wapi huko? Ni kwako. Ulipachagua peke yako, ukapanunua peke yako, na sasa umelala hapo peke yako.

Wacha nikukumbushe, usije ukajifanya umesahau. Tulianza kutafuta pamoja. Jumapili baada ya kanisa, mimi na viatu vyangu vya ibada, wewe na ile jaketi ya kaki yenye vumbi la simiti ambalo halikutoka hata niloweke vipi. Tulizungushwa na yule broka mwembamba ambaye kwake kila kitu kilikuwa hapo tu. Maji? Hapo tu. Lami? Hapo tu. Shule? "Hiyo nayo iko hapo tu, mathe, mtoto hata hatoki jasho." Siku ile ya Kiamunyi tulitembea mpaka kiatu kikanikatika kisigino, na hiyo hapo tu hatukuiona. Ulicheka mpaka ukakaa chini kando ya barabara. Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Ukiuliza chai iko wapi, nakuambia hapo tu, na sufuria hata sijaosha. Tulicheka sana na hilo neno.

Halafu tukafika Bahati. Hapo hata sikutaka broka afungue mdomo. Baridi ya kuvaa sweta, udongo mwekundu, ua wa kayaba uliokatwa ukakatika. Mama mmoja akatuona tumesimama juani, akatuletea maji kwa kikombe cha bati na mahindi ya kuchemsha, bila kutuuliza sisi ni wa nani. Tukakaa kwa gogo tukala. Ukainuka ukaenda kugonga ukuta wa nyumba yake na vidole, vile ulivyogonga kila ukuta wa Nakuru hii, ukasikiliza, ukasema, "Hawa walipiga simiti ya ukweli." Nikakuambia, "Baba Shiko, ni hapa." Ukatafuna mahindi. Ukatafuna tena. Ukapangusa mikono, ukamwambia broka tuendelee.

Sababu niliijua, na ulijua naijua. Dada yangu Nyambura ameolewa hapo Bahati, na mama yetu anakaa kwake. Sasa mwanaume mzima, fundi wa mawe, aonekane amejenga karibu na mama mkwe! Atoke asubuhi aamkie mkwe, arudi jioni aamkie mkwe, hata kukohoa akohoe kwa adabu. Ndugu yako Kimani na wale wenzake wa kwa mjengo wangesema nini? Wangesema umeolewa. Mwanaume ameolewa. Ni hilo tu, Baba Shiko. Haikuwa maji, haikuwa udongo, haikuwa barabara. Uliogopa neno moja la kuchekwa nalo, na kwa ajili ya hilo neno ukawatafutia watoto wangu mahali pengine pa kukaa.

Jioni moja ukaingia unapiga mluzi. Mluzi wako niliujua, ulikuwa wa mtu aliyekosa. Ukasema, "Mama Shiko, kesho vaa viatu vya kutembea. Nimetupatia nyumbani." Kumbe ulishalipa, ulishatia sahihi, bikoni za mpaka zilishapigwa kwa pembe. Kesho yake tukashukia upande wa Rongai, tukatembea. Tukatembea. Nikakuuliza ni wapi. Na wewe, bila haya, mchana kweupe, ukaniambia, "Hapo tu."

Sikucheka.

Mawe Tatu! Hata hayo mawe hayako, eti yalichukuliwa kujengea kanisa. Upepo unataka kukuvua leso. Ua ni mkonge, ng'ambo ya ua ni mkonge, na maji yanaletwa na punda, punda akigoma mnakaa hivyo hivyo. Nikakuuliza nitamshonea nani nguo hapa, huyu punda? Nikakuambia pale pale, nimesimama kwa hilo vumbi, mimi sihamii hapa. Ukanishika bega, ukacheka. "Utazoea."

Sikuzoea, na hukupata nafasi ya kunizoesha. Kile kifua ulichokiita baridi tu kikakulaza hospitali. Na hapa ndipo hasira yangu inapokaa, kwa hivyo sikiliza vizuri. Siku ile ambayo Kimani alikuja kukuona, uliniambia umetamani uji wa wimbi. Si uji wa hospitali, wimbi, wenye ndimu. Mimi, mjinga wa watu, nikashuka ngazi mbio nikauzunguka mji mzima kukutafutia uji. Niliufunika na leso usipoe. Kumbe ulikuwa unanitoa njiani. Niliporudi ulikunywa vijiko viwili vitatu, ukasema ni mtamu, ukafunga macho. Kimani hakuniangalia usoni.

Nilijua sababu siku ya kamati ya mazishi. Ploti imejaa watu, nimekalishwa kwa kiti cha mbele, nimefunikwa shali kama mgonjwa. Tunazungumzia kukuzika makaburi ya mji, maana ndiko karibu. Kimani akasimama akakohoa. "Marehemu aliniachia neno. Alisema azikwe kwake, Mawe Tatu." Watu wote, mmm. Ati neno la marehemu. Nani anabishana na neno la marehemu? Mjane akifungua mdomo juu ya kaburi siku kama hiyo, kesho yake anaulizwa alimpikia nini. Nilikaa pale nikikuchukia mbele ya watu wanaonifariji.

Kwa sababu ulijua. Ulijua hakuna mtu hapa kwetu ananunua shamba lenye kaburi. Shamba tupu ningeliuza, ungekuwa umekufa na maneno yako. Kwa hivyo ukajizika hapo kama bikoni, yale mawe ya mpaka ambayo mtu akiyang'oa anashtakiwa. Ulinijengea ukuta wa mwisho, fundi, na ulitumia mwili wako.

Hata hivyo nilijaribu kuuza. Nilipata mama mmoja wa Njoro anatafuta mahali pa kuweka ng'ombe. Akapapenda! Huo upepo wako aliupenda, akasema ng'ombe hawatasumbuliwa na nzi. Tukazunguka upande wa nyuma, akaona msalaba. Alisimama kama mtu aliyekanyaga misumari. "Mathe," akaniambia polepole, "hii si shamba. Hii ni boma ya mtu." Akakunja leso yake akaenda, na hata kwaheri aliniambia akiwa mbali.

Basi nikasema, labda mimi ndiye mbaya. Likizo ilipofika nikawachukua Shiko na mdogo wake Mumbi, tukaenda kukaa katika kile kibanda cha mabati ambacho Kimani alisimamisha. Na nikuambie ukweli, usije ukasema nilikupakazia. Watu wa hapo ni wazuri. Mama Chebet wa ng'ambo ya mkonge alituletea maziwa kabla hatujafagia, akamtuma punda wake atuletee maji bila kuombwa. Nilikasirika zaidi. Ningefurahi wangekuwa wachawi.

Lakini cherehani ilikaa pale imefunikwa. Hakuna mtu aliyekuja na shati lililoraruka. Shiko alikaa mlangoni na vitabu vyake, na wewe unajua huyo mtoto, hasemi sana. Asubuhi moja akanikuta nimekaa kando ya kaburi lako nakusemesha, nakuambia upepo umeng'oa bati, kana kwamba utainuka ulipige msumari. Akanishika mkono akasema, "Mathe, baba ndiye alikufa. Si sisi."

Ndio nikalia sasa. Kilio cha ukweli, si kile cha matanga cha kuonwa na watu. Kwa sababu pia ninajua kitu ambacho hukuwahi kumwambia mtu ila mimi: kwamba baba yako alizikwa makaburi ya mji, na ulipoenda kumtafuta umekuwa mtu mzima, ukamkuta mtu mwingine amelazwa juu yake, na jina lingine. Ulirudi siku hiyo ukagonga kuta zote za chumba chetu. Najua ulitaka udongo ambao hakuna mtu atakulazia mwingine juu. Najua, Baba Shiko. Ungeniambia tu kwamba ndicho ulichotaka. Kwa nini hukuniambia? Ningekuzika hapo kwa mikono yangu, na ningekukatalia kuishi hapo, na yote mawili yangewezekana. Lakini wewe ulitaka ushindi, na ukanituma uji.

Kwa hivyo hii ndiyo habari ya pili. Tumehamia Bahati. Ni nyumba ya kukodi, si yetu, vyumba viwili na baraza inayoangalia barabara. Cherehani zote mbili ziko nje, na kabla sijamaliza kupanga vyombo, mwalimu mmoja aliniletea sketi za kupunguza. Shiko anatembea kwenda shule. Hapo tu, lakini hii ya kweli. Picha yako nimeitundika sebuleni, ukutani panapoangaliana na dirisha, na kwa hilo dirisha mlango wa mama mkwe wako unaonekana wazi. Muamkie. Ukitaka kukohoa, kohoa kwa adabu.

Kimani alikuja hapa amevimba. Hakukaa hata kwa kiti. "Mama Shiko, mwanamke hawezi kuacha kaburi la bwanake liliwe na mchwa." Nikamwambia, "Shemeji, mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na shimo." Nyambura akamletea chai, akainywa amesimama, akaenda. Sijui kama atarudi. Akirudi nitampa nyingine.

Na shamba lako liko. Sitaliuza, hata akitokea kichaa wa kulinunua. Mama Chebet analima mahindi upande wa barabara, tumeelewana. Nilienda wiki iliyopita, na Kimani alikuwa amenitangulia. Alikuwa amezungushia kaburi mawe meupe, kazi safi, wewe mwenyewe ungemsifu. Ila alizungusha mawe mapana kuliko kaburi. Upande wa kulia ameacha nafasi, urefu wa mtu, upana wa mtu, ameifagia. Nilisimama nikaiangalia. Si lazima niambiwe ni ya nani.

Ahadi yangu kwako ni moja na nitaitimiza: hakuna mtu atakayelazwa juu yako, na magugu hayatakuotea nikiwa na nguvu za kushika jembe. Hilo umepata. Kwaheri, Baba Shiko. Nilikupenda, mjinga wewe, na bado.

Lakini ile nafasi waliyoniachia kando yako, nimeilima na kupanda viazi vitamu. Nikienda tena, nitapita kuangalia kama vimeshika.

Mama Shiko