Siku ya Tatu Nilipokuigiza

Bibi, mke mwenzangu,

Wamecheka. Nataka ulijue hilo hata kabla ya salamu. Baba Mkubwa mwenyewe, aliyekuwa akisema mama mzima kuchekesha watu kwenye televisheni ni kuuanika ukoo juani, alicheka hadi kofia ikamdondoka.

Lakini nina la kukiri. Mwalimu alipotuuliza kwa Kiingereza kazi za ndugu zetu, nilisema wewe ni mshonaji huko Unguja. Neno la mwigizaji nilikuwa nalo kwa lugha zote mbili, nikayameza yote mawili. Niliogopa kuchekwa. Mimi, mjukuu wa mtu aliyeishi kwa kuchekwa!

Na hapa Mtwara, nje ya nyumba yetu, nani angeniamini? Televisheni huku bara bado hatuna, iko Unguja tu. Watu wa mtaa wetu wa Chuno wanakukumbuka ukichekesha harusini, na kwa makuli wa bandarini siku za sikukuu. Kisha ukaenda Unguja, basi. Kwamba ulikuwa ukitoka kwenye televisheni kila wiki, na watoto wa kule wakikufuata njiani wakiuiga mwendo wako, niliyaona mimi peke yangu likizo ile niliyokuja kwako. Uliporudi unaumwa hukujisifu. Ulisema tu, "Hata daktari kanicheka, mke mwenzangu."

Siku ya kuondoa matanga yako alikuja Mzee Komba, mtani wetu. Desturi unaijua: Mngoni humwigiza marehemu wa Kimakua ili wafiwa wacheke. Masikini, akaigiza ajuza yeyote tu, anakohoa, anatafuta ugoro. Wewe na ugoro wapi na wapi! Hakuna aliyecheka. Nikaona unazikwa mara ya pili, na safari hii wanamzika mtu mwingine kabisa.

Sijui nini kiliniinua. Baba Mkubwa akasema, "We, kaa! Mfiwa haigizi." Mzee Komba akamjibu, "Mwache. Mjukuu naye ni mtani wa bibi yake. Ana haki kuliko mimi."

Nikajifunga kanga yako. Nikafanya ule mchezo wa mgeni asiyeondoka. "Haya jamani, mimi nakwenda." Nikafika mlangoni, nikanusa sufuria za wali uani, nikarudi kukaa. "Ila si vizuri kuondoka bila kumwombea marehemu." Mara ya pili shangazi zangu walikuwa wanauma kanga zao. Mara ya tatu ua mzima... Bibi, sauti yangu haikutetemeka. Mimi, ninayetetemeka nikiitwa jina darasani!

"Ndivyo alivyokuwa?" Baba Mkubwa akauliza, anafuta macho. Nikamwambia ndivyo, kila wiki. Akaokota kofia yake. "Basi wenzetu wa Unguja wamemfaidi mama kuliko sisi."

Sasa kila Ijumaa alasiri wanakuja, hata wa mtaa wa Rahaleo wa hapa Mtwara, wanataka mchezo mwingine. Baba Mkubwa ndiye anayetandika mikeka. Tatizo lake anacheka kabla sijafika penyewe, ananiharibia.

Ninakukosa, Bibi. Nikimaliza wakipiga makofi natafuta uso wako, halafu nakumbuka.

Pumzika. Mwenyezi Mungu akupanulie mahali pako. Nami nakuahidi: michezo yako nitaicheza yote ninayoikumbuka, na kila mara nitaanza kwa kulitaja jina lako, kwa sauti. Ikiisha yako, nitaanza yangu.

Mjukuu wako,
Zuhura