Mfalme Asiyeingia

Kediri, 9 Oktoba 1971

Dada Tumirah,

Pokea salaam zangu, wewe na Baba na wanao wote. Mimi mzima, ila koo linanikwaruza kwa kupaza sauti kila jioni jukwaani. Baba anaendeleaje? Anakula?

Nisikufiche, wamenipa nafasi ya Baba katika mchezo, moja kwa moja. Sasa mimi ndiye waziri anayemwua mfalme wake, mfalme aliyemlea, aliyekuja kulala kwake kwa kumwamini. Watu wanajaa. Nikifika pale pa kujuta, akina mama wa mbele wanalia, na kiongozi wa kundi letu la maigizo, Pak Gito, anasema nimezaliwa kwa kazi hii. Nikivua taji sitaki hata kujitazama kwenye kioo.

Baba husema chochote kuhusu jioni yake ya mwisho hapa? Hata neno moja? Niambie tu.

Mdogo wako,
Wasito


Klaten, 2 Novemba 1971

We Sito,

Barua na kahawa vyote vimefika, ahsante. Watoto wazima, mimi nalalamika mgongo kama kawaida yangu. Baba anafuturu nikimkalia kooni, daku ndiyo hataki kabisa. Kutwa yuko barazani na tetere wake.

Habari ilifika huku kabla ya mizigo yake. Watoto wa jirani wakipita wanapiga magoti njiani, "Karibu, bwana wangu!" halafu wanacheka. Niliwafuata na ufagio. Miaka thelathini mtu ni waziri, halafu mbele ya mkuu wa wilaya anapiga magoti kumpokea mfalme aliyeshauawa kabla pazia halijafunguka. Watazamaji wakamtupia maganda ya karanga. Nilimwuliza, "Baba, akili ilikwenda wapi?" Akanijibu, "Uzee." Basi, akarudi kwa tetere wake.

Lakini nyie hamna maneno ya kukariri, mna ile karatasi tu inayobandikwa nyuma ya jukwaa, nani anaingia lini, mengine mnabuni wenyewe. Baba kusoma hajui, na jambo hilo tunalijua sisi watatu. Wewe ndiye uliyekuwa unamsomea. Siku ile hukumsomea, au alisahau? Nauliza tu.

Mfungo unaisha, Lebaran hiyo inakuja. Uje umpigie magoti kama watoto wengine, uombe msamaha wa yanayoonekana na yasiyoonekana. Nitapika kuku wa nazi. Mwaka huu sitaki visingizio, umenisikia?

Dada yako,
Tumirah


Kediri, 28 Novemba 1971

Dada,

Salaam, na heri ya Lebaran iliyopita. Najua umenikasirikia, na kuku wako alipoa.

Nilikuja. Nilifika mpaka stesheni ya Klaten, nguo mpya mwilini, nikageuka na treni ya kurudi. Ningepiga magoti, ningesema kama wanavyosema wote, naye angenishika kichwa aseme yamekwisha. Yangekwisha vipi, naye hajui anasamehe nini? Ungekuwa wizi wa pili.

Karatasi niliisoma. Mkuu wa wilaya alichelewa, Pak Gito akafupisha mchezo: mfalme ameshakufa, waziri anaingia na kukalia kiti. Mimi nikamsomea kama ilivyokuwa siku zote, "Baba, unaanza mlangoni, unampokea mfalme." Miaka kumi na miwili nilimfuata nyuma nikimbebea kilemba na mkeka, nikataka akosee mara moja tu, waniite mimi.

Nilisimama nyuma ya pazia nikamwona chini, na magoti yake yale mabovu, anaita, "Karibu, bwana wangu." Hakuna anayeingia. Aliita mara tatu. Ningeweza kujitokeza nikabuni lolote, nimwokoe, kazi yetu ndiyo hiyo. Sikujitokeza.

Msomee yote, usipunguze. Akisema nisikanyage kwake, sitakanyaga. Lakini ajue.

Mdogo wako,
Wasito


Klaten, 21 Februari 1972

Sito,

Salaam. Watoto wazima. Mengine utayasoma chini, kaa kwanza.

Barua yako niliificha kabatini siku mbili. Baba akauliza, "Sito kaandika nini?" Nikamsomea ya kutunga: una homa, ndiyo maana hukuja, unamsalimia sana. Baada ya siku tatu akasema, "Hebu soma tena." Nikasoma, safari hii ni mguu uliokuwa unakuuma. Nilisahau mzee yule alikuwa anashika mchezo mzima kwa kuusikia mara moja. Akaniambia, "Mwanangu, hata Sito jioni ile alinisomea kwa sauti hiyo hiyo."

Basi nikamsomea yote. Alikuwa anamenya muhogo, hakuacha kumenya. "Nilijua nilipoita mara ya pili," alisema. "Ya tatu niliita ili Sito apate nafasi ya kuingia."

Nikamwuliza mbona hakukutaja kwa Pak Gito. Akasema, "Nimtaje, niseme nini? Kwamba waziri wao anasomewa kama mtoto mdogo? Aibu moja ilinitosha."

Akanituma nikuandikie: usingoje Lebaran ambapo kila mtu anasamehewa kwa jumla. Uje siku yoyote ya kawaida, useme kwa mdomo wako mwenyewe, naye atakujibu. Atakujibu nini, hakuniambia.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Desemba. Sikukuandikia. Nilikuwa na hasira, Sito, nikasema acha na yeye aungue kwanza. Kila Baba alipouliza nilimjibu nimeshaandika, labda una kazi nyingi. Alikuwa ananyoa ndevu asubuhi, anavaa shati safi, anakaa barazani akitazama njia ya stesheni. Mwezi huu akaacha kuuliza. Nilidhani amechoka, nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe, maana nilikuwa nimeishiwa uongo.

Tumemzika Ijumaa. Mpaka anakata roho aliamini umeitwa ukakataa kuja, na aliyemwambia hivyo ni mimi.

Njoo. Usingoje arobaini. Sijui nani kati yetu atampigia mwenzake magoti kwanza.

Dada yako,
Tumirah