Ulifumba Macho Mafuta Yakiwa Motoni

Mama,

Leo sianzi na salamu. Nina hasira na wewe, na nimechoka kuificha eti kwa sababu marehemu hasemwi.

Tangu tukuzike Webuye, akina mama wa kanisa lako wakinipata Soko la Toi wananishika mkono wananiambia ulikufa ukiomba. Wanasema kama ni sifa. Mimi naenda zangu. Ulikuwa unaomba nini, na umeacha mafuta kwa meko?

Binti yangu Nekesa aliniambia kila kitu akiwa bado na bandeji. Wageni wa kanisa walikuwa wamejaa kwa hiyo nyumba yako ya Lindi, na wewe ulikuwa umebandika mafuta ya kukaanga samaki nyuma ya pazia, maana kwako mgeni akiona sufuria ni aibu. Kiongozi wao akasema tuombe. Ukafumba macho. Moshi ukaanza, mjukuu wako akakuvuta leso: "Kukhu, kuna moshi." Ukamfinya. Mtoto wa miaka saba anakuambia ukweli, Mama, na unamfinya anyamaze, kisa na maana yule mwenye kuomba hajafika amina. Ulipofungua macho pazia lilikuwa linawaka, na wewe ukashika jagi la maji ukamwagia mafuta. Moto ukaruka ukawapata wote wawili. Si ni wewe ulinikataza hiyo kitu nikiwa msichana? Ulikuwa unanionyesha na kifuniko mkononi: zima, funika, toka nje. Ulijua. Hiyo ndiyo inaniuma.

Siku hizi niko Kawangware. Meko yangu iko karibu na mlango, hakuna kitambaa hapo, na kifuniko kinakaa pale pale. Nikitoka hata kuchota maji, nazima kwanza. Wageni wakiona samaki ni vipande vitatu, shauri yao. Nekesa mkono umepona, ni alama tu imebaki. Lakini nikiwasha moto anatoka anakaa nje kwa jiwe mpaka chakula kiive, iwe mvua iwe jua.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita hao marafiki zako wa kanisa walikuja kunitembelea. Mafuta yalikuwa yashaanza kuchemka, mmoja akasema tuombe, na mimi nikafumba macho. Mimi, Mama, na mdomo wangu wote huu. Nikasikia Nekesa ameingia, anapita katikati ya magoti ya watu, na mama mmoja anamwambia shh. Nikafungua macho nikakuta mkono wangu umeshanyanyuka kumfinya. Aki nilijichukia. Mtoto alikuwa amefika kwa meko, ameogopa kugusa. Nikasema kwa sauti, maombi yakiendelea, "Zima, Nekesa."

Akazima. Maombi yakakatika, wakaniangalia vibaya, na mimi nikawaangalia vibaya. Walipoenda nililia sana, nikikulilia wewe.

Haya, Mama, lala. Nakukosa mpaka kifua kinauma, na sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitapanda gari nije huko Webuye nikuambie mwenyewe. Nekesa nitakuja naye. Atasimama hapo kwako aseme yake yote, na hakuna mtu atamnyamazisha.

Ni mimi,
Nasimiyu