Joho Kwenye Tableti

Baba Raya,

Wali uko kwenye hotpoti. Mchuzi wa sato upashe kwanza.

Zile picha za simu yako zilizogoma kuja kwenye tableti, leo asubuhi nimezirekebisha kama ulivyoniomba. Akaunti ilikuwa imejaa. Nimefuta video za zamani, picha zikaanza kushuka zenyewe. Ikashuka na ya Jumamosi, ulipokwenda Misungwi kwa fundi kumchukulia mdogo wako Lukman joho la harusi.

Umelivaa wewe, na kilemba juu.

Lukman anakupita kichwa kizima. Mbona joho limekukaa kama ulipimwa wewe?

Usihangaike kuifuta, nimeshaihamishia kwenye flashi. ~~Narudi saa kumi.~~ Niko Kiseke kwa mama.

Mkeo ~~wa pekee~~ wa kwanza?