Mkufu wa Mbuta Uliokwenda Rongo

Dani, nyanya yangu, mke wangu mzee,

Kaa vizuri huko ulipo na ushike kitu usianguke. Tangu Jumamosi hakuna fundi wa mapambo anayenifikia, kutoka Migori mpaka Homa Bay, na hao wa Nairobi nimewaacha nje kwa huruma tu. Bibi harusi amepita katikati ya kanisa huko Rongo na watu, badala ya kumwangalia uso, walikuwa wanamwangalia shingo. Padri mwenyewe alitoa macho. Hiyo ya padri sijaambiwa na mtu, lakini naijua tu, kwa sababu padri naye ana macho.

Barua ya kweli inaanza na anwani juu, upande wa kulia. Hilo nalikumbuka, hata kama shule na mimi tuliachana Form Two bila kugombana. Lakini yako ya sasa siijui, kwa hivyo nimeacha peupe. Utajaza mwenyewe.

Nyumbani tuko. Yule kuku wako mwenye shingo tupu amehamia kwenye kiti chako na ukimfukuza anakuangalia vile ulikuwa unatuangalia tukikuomba sukari. Mama amechukua sufuria yako kubwa, anasema ni ya kukukumbuka, lakini naona anakukumbuka na ugali kila siku. Mama Pamela bado anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki wa mbuta iliyotolewa minofu, kule ufuoni, na watu wakimaliza kula ananiwekea mifupa kwa ndoo. Juzi aliniambia, "Dani yako alikuwa anatukana samaki yangu mbele ya wateja, halafu anarudi jioni kuomba mifupa. Yawa, mwanamke yule!" Akacheka, kisha akageuka upande wa karai, akajifuta macho na leso. Moshi, alisema.

Sasa sikiliza vile mambo yamekwenda tangu ulipoondoka.

Wageni wa matanga walipokwisha kwenda, wakubwa walikaa kuniongelea. Mama alianza: "Kijana mzima, shule hana, mtumbwi hana, anashinda na mifupa kama mbwa." Baba Mdogo akasema hiyo si shida, atanichukua Macalder nikashuke naye kwa shimo la dhahabu, nipate akili na misuli. Unajua lile shimo, Dani? Mimi nimelichungulia siku moja nilipompelekea unga. Kamba inashuka, inashuka, halafu huioni tena, na huko chini kuna mtu anakohoa. Nilimwambia nina mgongo mbovu. Mimi, ambaye hata choo cha shimo naingia nikiimba ili nisikie kuna mtu! Wewe ndiye ulikuwa unawanyamazisha wote: "Huyu ni bwana yangu, na bwana yangu hafukuliwi kama viazi." Siku hiyo hapakuwa na wa kusema hivyo.

Halafu simu yako ikalia. Ilikuwa kwangu, kwa mfuko wa shati. Alikuwa yule mama wa Rongo aliyekuwa akinunua herini zako siku ya soko, yule wa kucheka kwa sauti. Hakuwa amesikia. Nilimwambia, akalia vizuri, kilio chenye heshima, mpaka na mimi nikaangalia juu kuzuia machozi yangu. Alipotulia akasema mtoto wa kaka yake anaolewa na alitaka wewe umtengenezee mkufu wa safu tatu, mweupe kama maziwa, na katikati pingili za rangi ya chai. Akauliza, "Sasa nani atanifanyia hiyo kazi?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, Dani. Nikamwambia, "Mama, hata zile za mwisho ulizonunua zilikuwa zangu. Dani alikuwa anabeba tu."

Usinipige. Subiri nimalize.

Mama aliposikia akanipa sharti mbele ya Baba Mdogo: hiyo kazi ikipendwa, nitakaa nyumbani na mifupa yangu. Ikirudishwa, Jumatatu mimi ni mtu wa Macalder, bila maneno mengi.

Kazi yenyewe naijua. Pingili za mgongo wa mbuta zinachemshwa mpaka nyama iachie. Zinakwaruzwa, zinalazwa kwenye maji ya majivu, zinasuuzwa, zinaanikwa juu ya mabati, halafu msasa, halafu spoku ya baiskeli iliyopashwa moto kuzitoboa katikati. Hayo yote nayafanya nimefunga macho. Lakini palikuwa na mahali pamoja pasipotaka mkono ila pua. Ulikuwa unatoa pingili moja majini, unaipeleka puani, unakunja uso mzima na kusema, "Bado. Hii inanuka kwapa la mamba." Siku nyingine unanusa, unanyamaza, unaiweka kando. Basi, zimeiva.

Mimi nilikuwa nasoma uso wako tu. Pua yangu imezaliwa ufuoni. Nimelala juu ya nyavu, nimelishwa omena kabla sijaota meno. Samaki kwangu hana harufu, vile maji hayana rangi. Wewe uliolewa hapa kutoka Kamagambo, kwa watu wa miwa na ng'ombe, na mpaka unazeeka ulikuwa unapika samaki umejifunga leso puani. Wanawake walikuwa wakikucheka: "Nyar Kamagambo, binti wa watu, utazikwa umeziba pua!" Na ile pua ndiyo ilikuwa inapeleka mapambo yetu Rongo kwa watu wenye pua kama yako. Hilo sikuwahi kulifikiria mpaka niliposimama na pingili mkononi na hapakuwa na uso wa kusoma.

Nikampa Mama anuse. "Hainuki." Mama Pamela: "Hainuki, ni safi kabisa." Nikawapa vijana wanaovuta nyavu, wakanusa mmoja mmoja kama madaktari, wote wakakubaliana hainuki. Nikawaamini kwa muda wa kutembea kutoka ufuoni mpaka nyumbani. Nilipoziweka chini, paka wa jirani akaja akazilamba zote, moja baada ya nyingine, polepole, amefunga macho.

Hapo nikajua pua za ufuoni zote ni kama yangu.

Nikamkumbuka yule mwalimu mgeni wa shule ya msingi, Mkuria, mtu wa ng'ombe na mahindi. Huyo atakuwa na pua, nikasema. Nilimkuta nyumbani kwake. Alinusa pingili, akatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, akasema, "Kazi nzuri sana, kijana. Endelea hivyo hivyo." Lakini nilimwona: mguu mmoja ulirudi nyuma. Ni mgeni mwenye adabu. Wewe hukuwa na adabu hata kidogo, mke wangu, na sasa ndio naona faida yake.

Msichana wake mdogo, ambaye hata kufunga viatu hajui, akaja akashika pua. "Baba, huyu kaka ameleta samaki mbovu." Mwalimu alitafuta mahali pa kujificha. Mimi nilitaka kumbeba yule mtoto nimzungushe kijiji kizima.

Nikarudi, nikaongeza majivu. Kesho yake nikampelekea. "Samaki." Nikaongeza tena. "Samaki kidogo." Mvua nayo ilikuwa imeanza, haikuwa inaondoka, na jua lilikuwa linatokea kama afisa wa serikali, linaonekana kidogo na kurudi ndani. Nikaziweka karibu na jiko la Mama, akanifukuza nazo. Nikalala nazo chini ya kitanda. Nikaongeza majivu mengine, ya moto, kwa sababu harusi ilikuwa inakaribia na kila nikipita mlangoni Mama alikuwa anaziangalia zile gumbuti za Baba Mdogo alizoniachia, za kuvaa shimoni.

Alhamisi yule mtoto alinusa akafikiri sana. Kisha akasema, "Hii ni chaki."

Chaki! Dani, niliruka mitaro yote nikirudi nyumbani. Chaki haina harufu. Nikapasha spoku, nikachukua pingili ya kwanza, nikatoboa, ikapasuka vipande viwili. Nikasema ni bahati mbaya. Ya pili ikawa unga mkononi. Nikabadilisha spoku, nikatumia sindano ya magunia, nikazilowesha, nikazisemesha kwa upole vile ulikuwa unamsemesha ng'ombe anayegoma kukamuliwa. Ya tano, ya sita, unga. Majivu yalikuwa yamekula mfupa. Wewe ulijua ni siku gani ya kuzitoa. Mimi nilijua tu kuendelea.

Ijumaa mchana kijana wa boda akapiga honi kwenye njia. Mama akatoka akasimama kuangalia. Nikampa mzigo umefungwa kwa gazeti na kamba ya nyavu, akauweka ndani ya koti, akaenda. Hapo sitaki kueleza sana. Kulikuwa na haraka.

Jumamosi nilikaa na simu juu ya goti. Mama alikuwa ameanza kukunja nguo zangu, zile mbili na suruali ya kanisani, na kila akikunja moja anapumua kwa nguvu ili nisikie. Nikawaza: sasa wameingia. Sasa wanaimba. Sasa mtu amenusa. Baba Mdogo akapiga kuuliza kama niko tayari, nikamwambia mtandao ni mbaya, na sauti yake ilikuwa wazi kama amekaa ndani ya sikio langu.

Jioni ujumbe wa mama wa Rongo ukaingia. Nimeusoma mpaka naweza kuukariri. Ati watu wameshindwa kuamini ni samaki. Ati ni mweupe, ni mwepesi, na bibi harusi amekataa kuuvua hata wakati wa kula. Ati anataka mingine minne ya wasichana wa ukoo, na Jumatano anakuja mwenyewe, akae karibu nami, aone vile kijana anafanya kazi.

Mama alinikunjulia nguo zangu mwenyewe. Alizianika upya, kavu, ili majirani waone. Akampigia Baba Mdogo: "Mtoto wangu hashuki shimo. Mtoto wangu ni fundi." Mara ya kwanza kumsikia akisema hilo neno bila kukohoa. Ameshaambia ufuo wote. Mama Pamela amenipa ndoo mbili za mifupa na kuniita "mheshimiwa". Leo ni Jumatatu, siku ambayo ningekuwa kwenye ile kamba, na nimekaa hapa nyuma ya nyumba yako na kalamu. Badala ya kufurahi, kila nikiandika mstari naangalia njia.

Kwa sababu Jumatano iko karibu, Dani. Huyo mama atashuka, atakaa kwenye kiti, kuku ataondolewa, na mimi nitashika spoku mbele yake. Itakuwaje mifupa ikigeuka unga mkononi mwangu? Mama atakuwa amesimama mlangoni. Na zile gumbuti hazijarudishwa bado.

Wacha nikuage sasa kabla ya mvua. Oriti, Dani. Lala vizuri. Udongo wako haujashikana bado, nitaongeza mawe kwenye ukingo ili maji yasikusumbue. Na nakuahidi hivi: nitazilaza pingili mpya leo, kwa majivu ya baridi, na kila asubuhi nitampelekea yule mtoto wa mwalimu mpaka anyamaze kama wewe. Na huyo mama akifika, kabla hajaketi, nitamwambia ukweli, Mama akisikia. Nimejaribu kulisema hilo neno peke yangu tangu asubuhi na limekataa kutoka. Kwa hivyo wewe utalisikia kwanza.

Pingili zangu zilivunjika zote. Hata moja haikufika Rongo. Siku tulipotoa kitanda chako nje, nilikuta chini ya mto mkufu umezungushiwa leso, safu tatu, mweupe, umebaki kufungwa tu. Sijui ulikuwa wa nani, na Mama hajui kama ulikuwepo. Vingine vyote uliuza, hukuwa na moyo wa kujiwekea kitu. Huo ndio uliobaki, wa mwisho uliopita mikononi mwako, na nimeupeleka kwa shingo ya mtu nisiyemjua ili mimi nisishuke Macalder. Hata zile pingili za rangi ya chai pale katikati uliziweka mwenyewe. Kazi yangu mimi ilikuwa kufunga fundo.

Bwana yako mdogo,
Okoth